Nafasi Kati ya Treni Mbili

Kituo nilichokichora sijawahi kukikanyaga. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kuna kitu ninakumbuka. Nilizaliwa kambini, mkoa wa Kigoma, na treni ya kwanza niliyopanda maishani ilikuwa ile ya watoto kwenye bustani ya wanyama huku Ohio, nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni na magoti yakinigusa kidevu. Lakini kituo kile nakijua.

Baba yangu alifanya kazi pale, kwenye reli inayotoka Kalemie kwenda Kabalo, kabla vita havijatuondoa Kongo. Reli ile ni mstari mmoja tu unaokata pori. Treni inayokwenda na treni inayorudi zinatumia njia ileile, kwa hiyo lazima zipishane kituoni. Pale njia inagawanyika kuwa mbili, zinakwenda sambamba kwa urefu wa treni nzima, kisha zinaungana tena kuwa moja. Kazi ya baba ilikuwa kuiingiza treni moja pembeni ili nyingine ipite. Mahali pa kugawanyika yeye hupaita egiyaji, Kifaransa cha watu wa reli, na sisi watoto tulilikuta neno hilo nyumbani kama tulivyozikuta sufuria. Mtu akikawia bafuni, mama anagonga mlango: "Fungua egiyaji, na wengine wapite."

Tulipoletwa Amerika tulishushwa Buffalo sote wanne. Baadaye kazi zikatutawanya. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikwenda Louisville kuendesha foklifti kwenye ghala la vifurushi. Mimi nilimfuata rafiki wa kwaya hadi Columbus, tukapanga chumba upande wa Hilliard, nikapata kazi ghalani pia: kuskani, kubandika, kusukuma. Baba na mama walibaki Buffalo, kwa sababu baba alishazoea kiwanda chake cha Tonawanda, na mama alishazoea kuilalamikia theluji.

Halafu baba akaanza kugonga vitu. Aligonga paleti kiwandani, akagonga kona ya kabati, akampita mchungaji kanisani bila salamu hadi watu wakadhani wamegombana. Daktari alisema ni presha ya macho, ule ugonjwa unaoyala macho kutoka pembeni kuja katikati. Dawa ya matone ingeweza kuuchelewesha, basi. Alichokwisha kukipoteza kisingerudi.

"Ni sawa na kuchungulia kwenye bomba," baba aliniambia kwa simu. "Na hilo bomba linazidi kuwa jembamba."

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilikuwa nimekaa garini na viatu vya kwaya mkononi. Nilimuuliza, kama mtu anavyouliza wakati hana la kusema, kuna kitu gani angetaka kukiona. Nilitegemea ataje wajukuu ambao hatujamzalia. Alifikiri kidogo.

"Bon, haya," akasema. "Ningependa kuona tena treni mbili zimesimama ubavu kwa ubavu. Mara moja tu. Mengine nilishaona."

Alilisema hilo kama mtu anayeomba chumvi mezani, na mara akaanza kuniuliza habari za tairi za gari langu. Lakini mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana. Nilirudi nyumbani na treni mbili kichwani.

Ghalani nilikuwa nafanya zamu na mzee mmoja Mzungu, karibu na kustaafu, ambaye wakati wa mapumziko hutuonyesha picha za reli ya kuchezea aliyoijenga chini ya nyumba yake, yenye milima ya povu na vinyumba vyenye taa. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Wiki ile nilikaa karibu naye, nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliweka sandwichi yake chini. Akanionyesha kwamba kabla ya kulaza reli hata moja, yeye huchora kila kitu kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ambayo hata mimi ningeweza kuipata. Akaniandikia jina la programu hiyo kwenye kipande cha katoni, nikakiweka ndani ya kava la simu.

Sikusoma sana. Shule ya sekondari niliimaliza Buffalo kwa kusukumwa, na hesabu zilinishinda kwa lugha mbili. Lakini programu ile nilielewana nayo. Unachagua egiyaji kwenye orodha kwa namba yake: namba ndogo hugeuka ghafla, namba kubwa hugeuka taratibu na kula nafasi. Unaisogeza hadi mwisho wa reli, inajiunga yenyewe. Ncha ya reli ambayo haijaunganishwa hubaki na alama nyekundu. Ikipata mwenzake alama inapotea. Na kuna amri ya sambamba. Unaigusa reli moja, unaandika umbali, na reli ya pili inazaliwa kando yake, inaifuata kila inakokwenda, hata kwenye kona. Mara ya kwanza nilipoibonyeza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Rafiki yangu akauliza kupitia ukutani kama nimepata mchumba.

Nilimpigia yaya Louisville.

"Nasikia umekuwa injinia," akasema kabla sijafungua mdomo. Mama alikuwa amekwisha kumwambia.

"Usinicheke, yaya. Nataka tumjengee baba kituo chake."

"Kwenye kompyuta?"

"Kwanza kwenye kompyuta. Halafu kwenye ubao. Na treni za kweli, yaani zile ndogo za kweli. Mbili."

Kituo yaya anakikumbuka kidogo, alikuwa mtoto wa kubebwa walipokimbia, ndiyo kwanza ameanza kukimbia kwa miguu yake.

"Daktari alisema baba amebakiza muda gani wa kuona?" akauliza.

"Hakusema. Alisema inategemea."

"Donc, basi, ni haraka," akasema yaya. "Nipe nusu."

Tuligawana hivyo, na yaya naye akaichukua programu ileile. Ubao mzima usingeingia kwenye gari lake dogo, kwa hiyo tulikikata kituo katikati. Mimi nichukue upande wa kuelekea Kalemie na egiyaji yake, yeye achukue upande wa Kabalo na egiyaji yake, kisha tukutane Buffalo, tusogeze mbao mbili ziwe moja. Tulipatana mambo mengi kwa simu: mahali pa kukata, unene wa ubao, namba ya egiyaji, njia kuu ipite umbali gani kutoka ukingo wa nyuma. Tuliyapanga kama watu wazima. Tulijisifu hata.

Kitu kimoja hatukukitaja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni swali. Njia ya pili ikae mbali kiasi gani na ya kwanza?

Programu ina jibu lake la kawaida, umbali mdogo, hata treni mbili zikipishana zinakaribia kukwaruzana. Nililiangalia jibu lile sikulipenda. Kituo chetu hakikuwa cha kupishana tu. Treni mbili zikisimama, akina mama wa kijiji huingia katikati yake na mabeseni kichwani, na abiria wa huku na wa kule hununua madirishani. Soko lilikuwa pale, kati ya reli mbili. Mama yangu aliuza mayai ya kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwani, katika nafasi ile, na ndimo baba alimoanza kumwangalia. Nafasi kama hiyo hainunuliwi kwenye orodha ya programu. Nikampigia mwenye kituo.

"Baba, katikati ya njia mbili palikuwa na nafasi gani?"

"Ah, mama," akasema. Baba huniita mama, kama wababa wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Pale? Pakubwa. Pakubwa sana. Ng'ombe mbili zingepita na mchungaji wao."

"Sawasawa?"

"Miye nilikuwa nasimama kwenye egiyaji, naona kituo chote. Tia nafasi, usiogope. Bamama bapite vizuri."

Nikatia nafasi. Haikuwa kazi ndogo, maana ukiisogeza njia ya pili mbali, reli inayochepuka inapaswa kusafiri zaidi kabla ya kunyooka tena, na kituo kinarefuka, na ubao unaisha. Nilifuta, nikachora, nikafuta. Jumamosi zangu zote ziliishia humo na chai ikapoa. Nilitafuta vinyago vidogo vya wanawake, nikavisimamisha kwenye skrini, nikaweka na beseni. Walipita wawili wawili bila kugusana. Niliona fahari ambayo ghalani sijawahi kuipata.

Yaya naye hakuipenda ile nafasi ya programu, kwa sababu zilezile. Naye alimpigia mwenye kituo. Ila kwake yeye mwenye kituo ni mama, aliyembeba mgongoni na beseni kichwani. Yaya ni mtoto wa mama tangu zamani. Mazungumzo yao niliyasikia baadaye sana, mama akiyasimulia kwa mikono.

"Nafasi gani?" mama alikuwa amemjibu. "Palikuwa padogo kabisa. Tulikuwa tunapitaka ubavu ubavu. Mwenzako akija, mmoja ananyanyua beseni. Unaona ule mlango ya friji yangu? Njo vile, upana ule."

Yaya akachora mlango wa friji.

Alikuwa akinitumia picha za skrini yake kwa simu. Nilizitazama pembeni ya yangu: njia kuu, njia ya pili, egiyaji, kila kitu mahali pake. Zilifanana kama mapacha. Kwenye simu kila kitu ni kidogo, na mimi nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi. Sikumwomba faili lenyewe. Angenitumia nini, naye alikuwa anakificha kibanda cha mkuu wa kituo ili anishangaze, kama mimi nilivyokuwa namficha wale wanawake wangu.

Vuli ile, kila mmoja akiwa amekwisha kujenga ubao wake kwake na majani yamekwisha kuwa mekundu, yaya aliendesha kutoka Louisville akanipitia Hilliard. Ubao wake ulikuwa kiti cha nyuma, umevishwa blanketi na kufungwa mkanda. Wangu tukaulaza juu yake na mito katikati. Hadi Buffalo tuliimba nyimbo za kwaya na kugombania hita. Kila tuliposimama kujaza mafuta tulifungua mlango wa nyuma, tukainua pembe ya blanketi, tukachungulia.

"Wamelala," yaya alikuwa akisema.

Baba alitupokea mlangoni. Alininyooshea mkono upande ambao sikuwapo. Niliusogelea mkono, tukasalimiana. Tulikuwa hatujaonana tangu masika, na kwa simu sauti yake ilikuwa ileile.

Mama alikuwa ameazima meza mbili za kukunja kanisani na kuziweka sebuleni mbele ya kochi. Tuliweka mbao zetu. Tukafunua. Mama aliona wanawake wangu akasogea karibu, akamgusa mmoja kichwani kwa ncha ya kidole.

"Huyu amefunga kitambaa vibaya," akasema. Nikajua amependa.

Kisha mimi nikashika ubao wangu na yaya wake, tukasukuma. Njia kuu ilikutana na mwenzake bila kosa, ungeweza kupitisha ukucha usihisi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuangalia njia ya pili.

"Subiri," akasema yaya.

Njia ya pili ya kwangu ilifika ukingoni ikiwa mbali, karibu na tumbo langu. Njia ya pili ya yaya ilikuwa imebana karibu na njia kuu. Kati ya mwisho wa yangu na mwanzo wa yake palikuwa na upana wa kidole gumba changu. Tuliutazama ubao, tukatazamana. Nilikumbuka zile alama nyekundu za programu. Hapa hapakuwa na alama, reli ilikwisha tu.

"Wewe nafasi hiyo uliitoa wapi?" yaya akaniuliza.

"Kwa baba. Wewe?"

"Kwa mama."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alikaa kochini akacheka hadi akajifuta macho na kitenge.

"Ng'ombe mbili!" akamwambia baba. "Weye ulikuwa unasimama kule mbali na bendera yako, ungejua nini? Ngekuwa na nafasi ya ng'ombe mbili ngechubuka viwiko?"

"Palikuwa pakubwa," akasema baba.

"Miaka yote hii, kumbe nimeolewa na mtu wa kituo kingine."

Baba naye alicheka, lakini kwa haraka ya mtu anayetaka kufika kwenye jambo lake. Aliomba tochi. Yaya akamwashia. Baba alipiga magoti mbele ya meza, akaleta uso karibu kabisa na ubao, akaanza kutembeza mwanga juu ya reli na kichwa kikiufuata, kipande kwa kipande, maana bomba lake lilikuwa linamwonyesha sehemu ndogo tu kila mara. Alianzia kwangu. Alisimama kwenye egiyaji muda mrefu. Alizitazama zile ncha mbili za chuma zilizochongwa, akasogeza moja kwa ukucha, ikaenda, ikarudi.

"Vizuri," akasema. "Hii imefungwa vizuri, mama."

Kisha akaifuata njia ya pili. Akawapita wanawake na mabeseni yao, akatabasamu, akaendelea. Mwanga ulifika ukingoni mwa ubao wangu. Ukavuka. Ukaangukia ubao mtupu wa yaya, rangi ya udongo niliyomsifia. Baba aliusogeza kushoto. Akaurudisha kulia. Alikuwa anaitafuta reli kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya kigeni. Mwishowe akaipata.

"Iko huku," akasema. "Donc hapa treni inaanguka."

Yaya alikuwa amekwisha kufungua begi lake. "Baba, nina reli ya kupinda. Naikunja hapa mara moja, naunga hivi na hivi. Haitakuwa nzuri, lakini treni zitasimama. Utaziona leo."

Na treni zilikuwepo. Zilikuwa kwenye maboksi yake juu ya kochi, moja ya kijani, moja nyekundu.

Baba alitikisa kichwa. "Kona namna hiyo katikati ya kituo? Inapita leo, kesho inaanguka. Reli haidanganywi. Rudini mkachore vizuri. Haraka ya nini?"

Mama alitazama juu ya friji, kichupa cha matone kilipokaa. Yaya alinitazama mimi. Nami nilikuwa na jibu mdomoni, fupi, la maneno machache: haraka ya macho yako, baba. Kila mtu mle ndani alikuwa nalo. Baba mwenyewe alikuwa nalo, nina hakika. Lakini kwetu mtu wa reli akisema juu ya reli humwongezei neno. Na ni mtoto gani angemwambia baba yake usoni, siku ya kicheko, kwamba tukisubiri hutaona? Tulilelewa kunyamaza vizuri. Kunyamaza huko kumetufikisha salama sehemu nyingi, nisikuseme vibaya.

"Sawa, baba," akasema yaya, akafunga begi.

Tulikula, tukaomba, tukapiga picha. Kesho yake tukazivisha mbao blanketi tukaondoka, kwa kuwa yaya alikuwa na zamu. Njiani hatukuimba sana.

Nilianza kuchora upya wiki ileile. Safari hii yaya alinitumia faili, nikachora kituo chote mimi, mbao zote mbili. Nafasi niliitia katikati, chini ya ng'ombe wa baba, juu ya friji ya mama. Niliwapigia wote wawili kwa pamoja, simu ikiwa kwenye spika mezani kwao, na kila mmoja akasema mwenzake amependelewa, kwa hiyo nikajua ni sawasawa. Kwenye skrini alama zote nyekundu zilipotea. Kituo kilikuwa kimekamilika, kimeungana, unaweza kukizungusha ukakitazama kutoka juu.

Lakini skrini haishikiki. Ilibidi kung'oa reli, na gundi ilikuwa imeshika vizuri mno. Nilivunja egiyaji yangu nikiing'oa, nikasubiri nyingine. Msimu wa sikukuu ukaingia, maghala yakatumeza. Yaya alikuwa analala na viatu. Mara mbili tulipanga safari, na mara mbili theluji ya ziwani iliifunga barabara ya Buffalo, tukaahirisha, na kila tukiahirisha baba alisema kwenye simu, "Hakuna shida, mtakuja, reli haikimbii." Madaktari wakamfanyia upasuaji kupunguza presha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda zake kimyakimya, wala hakutuambia siku lilipokwenda. La kulia lilibaki na tundu dogo.

Nilikuwa naunga nyaya za umeme kwenye ubao, mwanzo wa masika, mama aliponipigia.

"Baba yako amemimina chai nje ya kikombe," akasema.

"Imemuunguza?"

"Hapana. Alikuwa anaangalia kikombe, mwanangu. Alikuwa anakiangalia kabisa."

Nilielewa. Niliendelea kushika waya mkononi kana kwamba kuna mahali pa kuuunga.

Tulikwenda hata hivyo. Yaya alinipitia kama mara ya kwanza, na mbao zikakaa kiti cha nyuma, ila hatukuzichungulia. Tulipokuwa tunavuka kuingia jimbo la New York yaya alisema, bila kunitazama, "Ningemwekea ile kona. Ningeiweka tu, akasirike."

"Angekasirika kweli."

"Angekasirika akiziona."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilohilo majira yote ya baridi, nikiskani, nikibandika, nikisukuma. Yaya aliongeza mwendo, kisha akapunguza.

Sebuleni meza za kanisa zilikuwa zimewekwa tena. Baba alikaa kochini amevaa shati la ibada, mikono juu ya magoti, uso umeelekezwa kwenye meza lakini juu kidogo, ukutani. Tulisukuma mbao. Njia kuu ikakutana. Njia ya pili ikakutana. Nilipitisha kidole, laini. Yaya aliileta treni ya kijani kutoka upande wake, mimi nikaileta nyekundu kutoka wangu. Nilisogeza egiyaji, nyekundu ikaingia pembeni, ikapunguza mwendo, ikasimama. Ya kijani ikaja ikasimama kando yake. Wanawake wangu walikuwa katikati, na nafasi iliwatosha.

"Zimesimama?" akauliza baba.

"Zimesimama, baba."

"Ubavu kwa ubavu?"

"Ubavu kwa ubavu," akasema mama, na sauti yake haikuwa na utani wowote.

Baba akaitikia kwa kichwa. Tulimwacha akae na jambo lile. Halafu yaya akasema anaondoa ile nyekundu iende zake, akazungusha kitufe polepole, na treni ikaanza kusogea kwa mlio wake mdogo, tiki tiki, kuelekea mahali mbao zetu zilipokutana. Baba alinyanyua mkono kutoka gotini, kiganja mbele, mkono umenyooka kabisa.

"Simamisha."

Yaya akasimamisha.

"Kuna pengo pale," akasema baba.

"Hakuna tena, baba," nikamwambia. "Tuliziba. Nilichora upya yote."

"Najua mliziba. Nasikia, inapita vizuri." Alishusha mkono. "Lakini miye nikiangalia naona ile ya siku ile, mama. Mwanga unafika pale, reli haiko. Sina ingine ya kuangalia."

Yaya alikuwa ameshika kitufe. Nilimwona akitaka kukizungusha asijue upande gani. Mama alikwenda akakaa karibu na baba, begani kwake, akamshika kiwiko.

"Bon," akasema baba. "Endesheni. Nyie muangalie."

Tukaendesha. Nyekundu ilivuka kiungo cha mbao, ikafika egiyaji ya yaya, ikageuka taratibu bila kuyumba, ikaingia njia kuu ikaenda zake. Tukairudisha. Tukazipishanisha tena, sasa ya kijani pembeni na nyekundu ikipita, kisha kinyume chake. Hakuna iliyoanguka. Watatu wenye macho tulisimama pale tukiangalia, na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ilikuwa nzuri kweli.